Harusi ya Mfuga Kozi

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hii shikamoo ugawane na Baba, maana nikimwandikia yeye barua inakaa juu ya kabati ikingoja miwani ipatikane, na miwani iko kichwani pake. Mimi sijambo, kikohozi kimeniachia. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta, lakini ukuta wenyewe umepakwa rangi wiki iliyopita, kwa hiyo siwezi kulalamika kwamba sina cha kutazama.

Sasa kaa kitako. Nimepata kazi, na si ile ya kushona sare za shule niliyokuambia. Kuna karakana huku inashona mavazi ya filamu. Walitaka watu wanaojua kushona kwa mkono, nami nikawaonyesha pindo ulilonifundisha wewe kwa kunichapa vidole. Fundi mkuu, mama mmoja asiyecheka, aliligeuza ndani nje, akalivuta, akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia, shangazi yangu. Akasema nije Jumatatu.

Filamu yenyewe ni ya zama za ngome na mapanga, watu wote wamevaa deraya. Usidhani ni chuma. Ni mpira uliopakwa rangi, na askari wakikaa unalia. Sisi tunashona nguo mpya kabisa, halafu tunashinda tukizichakaza kwa msasa na maji ya majani ya chai mpaka zionekane zimevaliwa na babu wa mtu. Ungetuona ungetuombea dua.

Jumanne fundi mkuu alitukusanya atusimulie hadithi, ili kila mmoja ajue anamshonea nani. Akaanza: palikuwa na Bibi wa Ngome, na palikuwa na kijana mfuga kozi, aliyemfundishia ndege wa kuwinda. Kijana akaitwa vitani, akamwachia Bibi glavu yake ya ngozi. Shangazi, nilisimama. Nikasema mbele ya watu kwamba hiyo naijua, hiyo ni hadithi ya kwetu, nimelelewa nayo. Siku zote nilijua yule mpangaji wenu wa zamani, Mpima, alikuwa akikusomea kitabu na kukitafsiri palepale, lakini nilidhani ni kijitabu tu alichokiokota njiani akipima barabara zake. Kumbe dunia nzima inakijua. Fundi mkuu akanitazama juu ya miwani, akasema, vizuri, kama unaijua basi umenipunguzia kazi, nenda ukaanze kukata. Wenzangu wakabaki wakisimuliwa. Mimi nikaenda kwenye mkasi kichwa kimenivimba.

Na kuna gauni la harusi. Jeupe, kitani juu na hariri ndani. Nimepewa mimi, kwa sababu ya lile pindo. Naomba ruhusa yako: nataka mikono yake niitarizi majani ya kile kitambaa chako cha meza, ulichokishona wakati Mpima akikusomea. Nadhani Bibi wa Ngome angekipenda.

Mwanao,
Kijiti


22 Februari

Kijiti wangu,

Marahaba, na baba yako anasema yake anaitaka nzima, hagawani na mtu. Goti lake ni lilelile. Asubuhi linakataa kukunja, jioni linakataa kunyooka, na katikati ya siku linamruhusu kukaa na kunikosoa. Bati la jikoni linavuja tena mahali palepale. Usinipigie simu pale dukani, andika tu. Mwenye duka anasikia kuliko mimi niliyeshika simu.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa, mara ya tatu nikamsomea baba yako akajifanya hasikii. Ruhusa umepata. Ila uyafuate majani kama yalivyo. Lile la saba kutoka ukingoni limepinda, usilinyooshe. Lilipinda kwa sababu Mpima alifika mahali kozi anapomnyea bwana wa ngome begani, nikacheka, sindano ikakimbia. Nilitaka kulifumua, akasema niliache.

Wewe hukuwahi kumwona, ulikuwa hujazaliwa. Alikaa chumba cha uani muda wote walipokuwa wakipima barabara. Mchana anatazama kwenye kile chombo chake cha miguu mitatu, jioni anafungua kitabu. Mimi lugha ile siijui hata neno. Yeye alikuwa akisoma kimoyomoyo mstari mmoja, ananyamaza, halafu ananiambia kwa lugha yetu. Jioni ya mwisho, kesho yake anaondoka, alisoma ule mwisho. Alinyamaza sana siku hiyo kabla ya kila mstari. Lakini akanisomea mpaka mwisho: mfuga kozi anarudi ndevu zimeingia mvi, Bibi anakwenda kufungua lango mwenyewe na glavu mkononi, na siku ya harusi yao kozi anatua juu ya boriti anawatazama. Kisha akafunga kitabu akasema anaondoka nacho, atakirudisha mwenyewe kwa mkono wake. Aliandika barua moja. Mengine unayajua.

Sasa nikuchekeshe. Fundi Baiskeli, yule mjane wa kona ya posta, amekuja mara tatu mwezi huu kupaka mafuta bawaba za mlango wangu ambazo hazikuwa zinalia. Shati lake halina vifungo viwili na hataki vishonwe na mtu mwingine. Jumapili akamaliza maneno, akamwomba baba yako posa kwa adabu zote. Ni mtu mwema, sina la kumsema. Hajui kuongea, lakini anajua kukaa na mtu.

Nilimjibu nini? Nilimwambia angoje nikaone filamu. Baba yako alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda. Nikamwambia subira yavuta heri. Akasema subira nyingine huvuta kutu. Lakini mimi sitanii, Kijiti. Watu wamenicheka miaka yote hii, na mimi nilikuwa na kitu kimoja cha kushika, kwamba yule Bibi naye alichekwa na mwisho lango likagongwa. Nataka nione kwa macho yangu. Nikimwona anaolewa, nitajua sikukaa bure, na nitaendelea kukaa. Kama la, basi.

Fundi Baiskeli alisema sawa, atangoja. Akapaka mafuta na mlango wa jikoni.

Shangazi yako


13 Aprili
(Haikutumwa.)

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo. Sijui nianzie wapi, nitaanzia kwenye kazi.

Kila vazi hapa linakuja na kadi ya vipimo. Kadi ya gauni la harusi ilikuwa na vipimo vya mwanamke mfupi mwenye kifua na nyonga. Bibi wa Ngome ni mrefu na mwembamba kama mimi, vipimo vyake ninavijua kwa moyo, nimemshonea nguo nne. Nikasema kadi zimechanganywa, kwa maana wiki moja kabla yake suruali za maaskari zilichanganywa hivyohivyo. Sikumwuliza mtu. Kwa nini niulize, na mimi ndiye niliyejua hadithi? Nikakata kwa vipimo vya Bibi. Nikatarizi majani yote, na la saba nikalipinda.

Siku ya kujaribisha, aliingia dada mmoja mfupi, mcheshi, akavua viatu akasema, haya, nivisheni niolewe. Gauni likamkwama mabegani. Nikamwambia samahani dada, hili ni la Bibi wa Ngome, la harusi yake na mfuga kozi. Halafu mtu mmoja akacheka.

Mfuga kozi harudi, Shangazi. Vita vinakwisha, anabaki kulekule, anamwoa binti wa mwenye kinu cha kusagia ngano. Wala si mtu mbaya. Amechoka tu, na yule binti yuko karibu. Bibi wa Ngome haolewi na mtu. Mwisho kabisa amesimama ukutani na glavu mkononi, anamwita kozi, na kozi haji. Nilimwambia fundi mkuu kwamba wameiharibu hadithi. Alifungua kabati akanipa kitabu chenyewe, nikakaa sakafuni nikasoma kurasa za mwisho. Lugha ile shule ilinifundisha, ingawa siku hiyo nilitamani isingenifundisha. Hakuna mvi. Hakuna lango. Hakuna kozi juu ya boriti. Yote hayo alikutungia Mpima, jioni ile, akinyamaza kabla ya kila mstari.

Kitambaa cha lile gauni kilitoka mbali na hakikubaki hata shibiri. Wamenitoa kwenye kukata wakaniweka kwenye viraka na vifungo. Gauni hawakulitupa. Kwa kuwa linamtosha Bibi, wamelichovya rangi ya majivu, atalivaa pale ukutani.

Nimelia, lakini si kwa ajili ya kazi. Sasa nikikuambia, ninakuondolea kitu ulichokishika tangu sijazaliwa. Na nisipokuambia


30 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo, na ya Baba nimemwekea nzima. Unisamehe kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi. Kikohozi kilirudi kidogo kikaondoka. Nimehamishiwa upande wa viraka na vifungo, ni kazi nyepesi, nakaa karibu na dirisha.

Mvua huku zimeanza. Nimenunua ndoo, maana na mimi nina bati langu linalovuja, tumefanana. Majani ya kitambaa chako niliyatarizi kama ulivyosema, na lile la saba halikunyooka.

Mwambie Baba alikande goti kwa maji ya moto. Na Fundi Baiskeli umsalimie sana. Mimi naona mtu anayepaka mafuta mlango usiolia ni mtu wa kufikiriwa, Shangazi. Mimi naona hata filamu si lazima uingoje.

Kijiti


19 Mei

Kijiti,

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi nikadhani kurasa nyingine zimeanguka njiani, nikamwuliza mpaka mtu wa posta. Viraka na vifungo? Mtu mwenye mkono kama wako? Kama umemjibu vibaya yule mama, kamwombe radhi. Mdomo huo umeurithi kwa baba yako.

Baba yako hajambo. Alikanda goti siku moja akatangaza amepona, siku ya pili akasahau ni goti gani. Kitanda cha chumba cha uani nimekitoa nje kikapigwa na jua. Usinicheke. Godoro lisipopigwa jua linashika unyevu, hilo ni la mtu yeyote.

Nimekaa nayo barua yako. Lini ulianza kumpigia debe Fundi Baiskeli? Februari ulikuwa hata humtaji. Unaniambia nisiingoje filamu, wewe uliyesimama mbele ya watu ukasema ni hadithi ya kwetu. Kuna kitu, Kijiti. Nimekulea, nakujua ukinyamaza kwa adabu na ukinyamaza kwa kuficha.

Fundi Baiskeli anakuja kila Jumapili. Anakaa kwenye kiti cha mlangoni, anakunywa chai, anasema mvua imenyesha, au haikunyesha. Hanihimizi. Lakini binti yake anamwita akaishi kwake, mbali, na juzi alimwambia baba yako kwamba mtu wa umri wake hawezi kuzungusha gurudumu lililong'olewa. Ni haki yake. Namwonea huruma, na saa nyingine naingoja Jumapili ifike, nikiri kwako peke yako.

Basi nijibu neno moja tu, sitaki maelezo. Mwisho wanaoana, hawaoani?

Shangazi yako


11 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe tena kwa kuchelewa. Tulikuwa tukipakia mavazi kwenye masanduku, maana wapiga picha wamemaliza kazi yao. Nilianza kukujibu mara nyingi.

Sisi wa karakana tumetia saini kwamba hatutasema mwisho wa filamu kwa mtu yeyote, hata wa nyumbani. Wanasema habari ikivuja watu hawataingia. Kwa hiyo nimefungwa mdomo, si kwa kupenda.

Ninaloweza kukuambia ni hili. Gauni nililoshona lipo kwenye picha, na limemkaa Bibi wa Ngome utadhani alizaliwa nalo. Nilikuwepo alipolivaa. Watu wote pale waliacha kazi wakimtazama.

Msalimie Baba. Nimemnunulia kamba ya miwani, ya kuvaa shingoni.

Kijiti


4 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na Mungu akupe. Hukusema kitu na mimi sikusikia kitu, saini yako iko salama. Lakini mtu mzima hahitaji kutafuniwa. Gauni la harusi limemkaa Bibi wa Ngome, basi.

Jumapili Fundi Baiskeli alipokuja nilimpa jibu lake. Nilimwambia ukweli kwamba nimemheshimu kuliko wanaume wengi niliowajua, lakini kuna mtu aliniahidi kurudi na mimi bado niko. Nilitaka kuongeza maneno nikaona yatamchosha. Akamaliza chai yake. Akaniuliza, "Huyo bwana anakuja lini, mama?" Nikainuka kuchukua kikombe. Akasema, "Haya. Hongera." Kama vile mimi ndiye niliyekuwa naolewa.

Baba yako hajanisemesha tangu siku ile isipokuwa kuomba maji. Mimi nimetulia. Nimefua mapazia ya chumba cha uani. Filamu ikifika mjini kwetu nitakwenda, nitavaa ile nguo ya bluu uliyonishonea.

Sijui kwa nini jana nilishona vifungo viwili kwenye shati la baba yako ambalo halikupungukiwa vifungo.

Shangazi yako


20 Oktoba

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua ni muda mrefu. Sikuwa mgonjwa, wala usimlaumu mtu wa posta. Barua yako ya Agosti ninayo, nimeisoma mpaka imelegea mikunjo.

Nakuomba jambo moja. Filamu itafika kwenu Novemba. Usiende. Si nzuri. Wakubwa wa filamu wameubadilisha mwisho, wameiharibu kabisa hadithi yetu, wanataka watu walie kwa sababu siku hizi kilio ndicho kinachouzwa. Kitabu hakiko hivyo. Kaa na ile uliyosomewa, ndiyo ya kweli.

Hivi Fundi Baiskeli bado yupo pale kona ya posta? Labda ulimjibu haraka. Watu huombana radhi, Shangazi, na yeye si mtu wa kinyongo.

Kijiti


2 Desemba

Kijiti,

Marahaba. Baba yako anakusalimia. Kamba ya miwani imefika, sasa anatafuta kamba.

Nilikwenda. Ungenijua ungejua kwamba ukiniambia usiende umeninunulia tiketi. Baba yako alinisindikiza na goti lake, akalala mara tu taa zilipozimwa. Ukumbi haukujaa. Nyuma yetu alikaa mwalimu wa sekondari na wanafunzi wake, wakila karanga.

Nguo zenu ni nzuri. Nilimpenda Bibi wa Ngome tangu alipotokea, ana namna ya kukaza shingo. Glavu ilikuwa kubwa kama nilivyoiona siku zote kichwani mwangu. Kozi alipomnyea bwana wa ngome nilicheka peke yangu ukumbi mzima. Halafu ikaja ile harusi, ngoma zinapigwa, na bibi harusi ni mtu mwingine, mfupi, anacheka. Baba yako akaamka kwa ngoma, akauliza, "Wameoana?" Nikamwambia, "Wameoana, lala." Nilikaa nikisema moyoni, mtoto alinionya, kweli wameiharibu.

Kisha akaja ukutani. Amevaa gauni la majivu. Alipoinua mkono kumwita yule ndege, mkono wa gauni ukateremka, wakauleta karibu, mkubwa kama mlango. Nikahesabu majani kutoka ukingoni. La saba limepinda. Rangi imebadilika, lakini jani ni jani langu. Nikaelewa kwamba gauni lile lilikuwa jeupe Februari, na kwamba kuna siku halikuwa jeupe tena, na wewe ulikuwepo.

Taa zilipowashwa wale wanafunzi walikuwa wananung'unika. Mwalimu akawaambia, "Afadhali hawa hawakuharibu. Ndivyo kitabu kinavyoisha, neno kwa neno." Nikageuka. Nikamwuliza kwa adabu, mwalimu, hakuna mahali anaporudi? Hata ukurasa mmoja nyuma? Akasema, "Hakuna, mama. Kila mwaka wananiuliza hivyohivyo."

Njia nzima nilijaribu kumchukia Mpima, nikashindwa. Nimekumbuka vile alivyokuwa akinyamaza kabla ya kila mstari. Nadhani aliniona usoni, akashindwa kunisomea kilichoandikwa, akanipa mwisho mwingine wa kunilaza usingizi usiku ule mmoja. Hakujua nitalala nao miaka yote hii. Au alijua. Simjui, Kijiti, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba nimezeeka nikimngoja mtu nisiyemjua. Usiku ule nililia mpaka baba yako akaja kukaa mlangoni, goti lake limenyooka mbele.

Lakini yeye alikuwa mpangaji. Wewe ni wangu. Nilikuuliza neno moja tu, na ukanijibu kuhusu gauni. Nimekasirika nawe, na nitakuwa na hasira kwa muda, uivumilie. Kisha uje nyumbani, uniambie kwa mdomo, maana najua ipo barua uliyoiandika ukaogopa kuipeleka posta. Nilikufundisha kushona, sikukufundisha kufumua. Hilo ni kosa langu.

Uliniuliza habari za Fundi Baiskeli. Aliondoka Septemba kwenda kwa binti yake. Pale kona ya posta sasa wanauza viatu. Asubuhi ya kuondoka alikuja na baiskeli ameikokota, ya zamani, ameipaka rangi upya, akaiegemeza ukutani akasema ni ya baba yako, imsaidie goti. Baba yako na baiskeli. Sote watatu tulijua, tukashukuru kwa sauti. Niliifunika shuka, ikakaa humo chumba cha uani.

Anwani ya binti yake anayo baba yako. Sijamwomba.

Mtu mmoja alikaa hapa akipima kila kitu, barabara, daraja, mpaka ua wetu. Huyu mwingine hakuwahi hata kuniuliza urefu wangu, alikaa tu Jumapili akinywa chai. Jana asubuhi niliitoa ile baiskeli nje, nikamwita baba yako aishike kwa nyuma, nikapanda. Nilikuwa nimekwenda na spana nishushe kiti, maana mimi ni mfupi na baiskeli za wanaume zina viti vya juu. Sikuitumia. Kiti kimenikaa sawasawa.

Shangazi yako